Mlango wa Kabati Ufunguke Hadi Wapi?

Nusura nimfukuze bibi mmoja kutoka nyumba ya binti yake, na silaha niliyotumia ilikuwa kipande cha mpira wa baiskeli. Binti alikuwa amejifungua mapasa, watoto pacha, kwa kupasuliwa. Hata kuinama alikuwa hawezi bado, na bila mama yake asingeimudu nyumba ile. Mimi sikuwa na ugomvi na yeyote kati yao. Niliitwa tu nizuie mlango wa kabati la jikoni usifunguke kupita kiasi. Niliuzuia, tena vizuri, na kesho yake bibi akaanza kukunja nguo zake arudi kwao Kaniama.

Nawaandikia ninyi mlio katika atelye, karakana yetu, sasa, mnaoshika randa kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Najua mmeshaanza kucheka. Papa Mwilambwe ameacha vitanda, ameacha mapaa na madawati ya kanisa, anatuandikia juu ya mlango wa kabati? Ndiyo. Kuufanya mlango ufunguke ni kazi ya kila mtu. Hata mchwa wanaweza kuufungua mlango, wapeni muda tu. Kuufanya ukome mahali panapofaa, hapo ndipo nilipomalizia meno yangu.

Anzeni na kitu ambacho mnaweza kukijaribu leo. Chukueni mlango wa kabati lolote, muufungue mpaka unyooke mbele yenu, halafu endeleeni kuusukuma. Bawaba, zile tunazoziita hapa Kamina sharnyere, zina mwisho wake. Zikifika mwisho, mlango hausemi basi. Unaegemea ukingo wa kabati na kuanza kujing'oa wenyewe, kama kisu kinavyong'oa kifuniko cha kopo. Kila ukisukumwa, visi, yaani skrubu zake, zinatoka kidogo. Siku moja mama anafungua kabati atoe chumvi, mlango wote unamjia kifuani, naye ataapa mbele ya majirani kwamba fundi alitumia visi mbovu. Visi hazikuwa na kosa. Kilichokosekana ni kitu cha kuuambia mlango: wewe, hapo panatosha.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kasongo. Alikuwa ametengeneza majiko mengi katika nyumba za maofisa kule Base, kambi ya jeshi, na alikuwa na mazoea ambayo mimi niliyaona ya ajabu. Akiingia jikoni mwa mtu, hashiki chombo. Anaomba kiti. Anakaa, anamtazama mama akipika, anauliza habari za watoto. Mimi nilidhani anangoja chakula. Na chakula kilikuja mara nyingi, siwezi kukataa, kwa hiyo sikuona sababu ya kumhoji.

Siku moja kule Base alinipa mlango niuwekee mnyororo mdogo wa kuuzuia, akatoka nje kusalimiana na askari mmoja wa kwao. Nami nilipenda kazi isiyoonekana. Nikaufunga mnyororo karibu kabisa na sharnyere, ndani ndani, ambapo jicho halifiki. Mke wa ofisa akaja ana haraka, akauvuta mlango kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Ukaja wote, na mnyororo wake. Alibaki katikati ya jikoni ameushika kwa mikono miwili kama trei, ananitazama, nami namtazama, wala hakuna aliyejua auweke wapi.

Mzee Kasongo akaingia. Aliangalia mlango, akaniangalia mimi, akamgeukia yule mama kwa heshima zote.

"Madame, usikasirike. Uyu mutoto alitaka kukusaidia tu. Sasa mulango yako unaweza kuibeba kila fasi unaenda."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka wiki iliyofuata.

Jioni ile, tukiwa bado na mwanga, Mzee Kasongo alinipeleka kwenye mlango mkubwa wa nyumba. Aliniambia niuzuie kwa kidole kimoja karibu na sharnyere huku yeye akiusukuma kwenye ukingo. Alisukuma kidogo tu, na kidole changu kikataka kuvunjika. Kisha akaniambia nihamishe kidole mpaka ukingoni, mbali kabisa na sharnyere. Akasukuma kwa nguvu zake zote za uzee, nami nikauzuia bila shida.

"Kidole ni ile ile," alisema. "Fasi njo ilibadilika."

Jaribuni na ninyi, maana jambo hili likiingia kupitia kidole halitoki tena. Kizuizi kikikaa karibu na bawaba, mlango unakuwa na mkono mrefu wa kukishinda. Kikae mbali. Na visi zake ziingie kwenye mbao nene ya fremu, si kwenye tripleksi, zile mbao nyembamba za kubandikwa, kwa sababu tripleksi inashika visi jinsi mchanga unavyoshika kigingi cha mbuzi.

Mnyororo wenyewe niliuacha baadaye. Mnyororo hauna huruma: mlango unakuja kwa kasi, mnyororo unakaza ghafla, pigo lote linaangukia visi. Mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli ni bora. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili, ukunje mara mbili. Chini ya kichwa cha visi weka kifuniko cha chupa ya bia kilichopondwa kikawa bapa, ili kichwa kisije kikapenya mpira na kuupasua. Mpira unanyooka kidogo, mlango unasikia umeshikwa shati, unatulia. Ukanda ukae juu, chini ya dari ya kabati, usije ukakunjika katikati ya sahani kila mlango unapofungwa. Nimeona kabati ambalo mpira wake ulikuwa ukikusanya vikombe kila siku na kuvimwaga chini. Lilikuwa kabati la fundi mwenzangu. Jina lake sitalisema, ila anaishi upande wa pili wa reli na anajijua.

Siku hizi mnaleta sharnyere za Kichina zinazojificha ndani, zina kipande kidogo cha plastiki cha kupunguza mwendo wa mlango. Ni nzuri, sizidharau hata kidogo. Unabonyeza kipande, mlango unakoma, mnakwenda nyumbani mapema. Na mkikipoteza, mnamtafuta kwenye simu mtu wa kuwaonyesha njia nyingine, naye anawaonyesha vizuri sana. Ila mtazameni siku moja yule mtu wa kwenye simu. Anafanya kazi katika jiko lisilo na moshi, lisilo na mtoto anayelia, lisilo na mama mkwe.

Na hapo ndipo tunarudi kwa bibi wa mapasa.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kabla magoti hayajanistaafisha. Numbi, yule binti, alimtuma mumewe Banza aniite. Banza anafanya kazi gare, stesheni ya reli, kwenye mabehewa, anatoka asubuhi. Nyumba yao si kubwa. Ukitoka chumbani unapita jikoni ndipo ufike uani, kwenye bafu na choo, kwa hiyo jikoni kwao ni jikoni na ni njia pia. Kabati limesimama ukutani, refu kunizidi, lina mlango mmoja mpana wa mulombwa, ile mbao ngumu nyekundu. Kati ya kabati na ukuta wa pembeni kuna nafasi, kona ya kutosha mtu mmoja na kigoda. Kwenye ukuta huo wa pembeni kuna dirisha.

Shikeni picha hiyo. Mlango wa kabati unafungukia upande wa kona. Ukiufungua nusu, unasimama wima mbele ya kabati. Ukiusukuma zaidi, ukingo wake unakwenda mpaka karibu na ukuta wa dirisha, unaifunga kona yote, na kishikio chake cha chuma kinapiga kioo.

"Papa, hii mulango inanimaliza roho," Numbi aliniambia. Alikuwa amesimama ameshika tumbo, penye mshono. "Inafunguka mupaka inapiga kioo. Angalia, imeisha kupasuka. Na batoto tunabalalisha hapa chini kila asubui, bapate jua."

Kweli, kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, na chini yake palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mapasa wawili, Kyungu na Kabange, wadogo kama mikate. Kabange alikuwa mdogo zaidi. Hakunyonya vizuri, ilibidi apewe kidogo kidogo kwa kijiko, na aliyekuwa na subira ya kijiko ni bibi yake tu.

"Unataka isimame wapi?" nilimuuliza.

Numbi aliufungua mlango nusu. "Hapa. Isipite hata kiloko."

Bibi mwenyewe, Mama Ilunga, alikuwa amekaa kwenye kigoda pale konani, anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliniangalia mimi, akaangalia mkono wa binti yake kwenye mlango, akarudi kwenye majani yake bila kusema neno. Vijana, mama wa Kaniama akinyamaza wakati unapima, weka futi chini. Mimi sikuiweka. Nilikuwa na mpira mzuri, mpya, na vifuniko viwili vilivyopondwa vizuri mfukoni. Ukanda ulikaa juu, mbali na sharnyere, visi kwenye mbao nene. Numbi aliujaribu mlango, ukaja, ukashikwa, ukatulia. Alipiga makofi. Nilikwenda zangu nyumbani nikijisikia kama askofu.

Kesho yake asubuhi Banza alinijia na baiskeli, jasho linamtoka, ameshika kuku kwa miguu. Nilifurahi. Nilidhani kuku ni wangu.

"Papa, kuya utoshe ile mupira."

"Juu ya nini? Imekatika?"

"Haikukatika. Itoe tu."

"Banza, mutoto yangu, kioo itakufa. Itaangukia batoto."

Alitazama chini. "Mama eko nafunga bintu yake, Papa. Anataka kurudia ku Kaniama. Leo." Halafu akageuza baiskeli, na kuku wake, akanitangulia.

Nilipofika, mfuko wa Mama Ilunga ulikuwa mlangoni, umefungwa kamba. Numbi alikuwa kitandani na Kyungu titini, analia bila sauti, na Kabange analia kwa sauti ya wote wawili. Bibi alikuwa jikoni anaosha kijiko cha mtoto, polepole, kama mtu anayekiaga.

Nilimuuliza Numbi kuna nini. Alisema, "Muulize mama." Nilimuuliza mama. Alisema, "Muulize mulango."

Basi nikafanya ninachokijua, nikaanza kueleza. Nilieleza juu ya kioo, nikaeleza juu ya visi, nikafika mpaka kwenye kidole cha Mzee Kasongo. Mama Ilunga alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu.

"Umeisha?" aliniuliza.

"Nimeisha, mama."

"Unajua kueleza. Njo kuuliza hauyuwe."

Wakati huohuo Banza alikohoa. Alikuwa uani, alihitaji kuingia achukue kofia yake ya kazi, na alikohoa kabla ya kukanyaga kizingiti, kikohozi kirefu cha mtu asiye na mafua. Mama Ilunga aliruka kwenye kona yake, akashika kishikio cha kabati na kuuvuta mlango kwa nguvu. Mlango ulikuja, ukafika nusu, mpira wangu mzuri ukaushika shati, na hapohapo ukakoma. Kona ilibaki wazi kama soko. Bibi alivuta kitenge chake kutoka kiunoni akajifunika kichwa chote, akabaki pale kwenye kigoda kama gunia la mahindi lililopambwa maua. Banza alipita amegeuza uso ukutani, akajigonga goti kwenye ndoo, akachukua kofia, akarudi mbio.

Ninyi mliooa juzi mnapiga picha na mama wakwe zenu, mmeshikana mabega, mmetoa meno. Sisemi ni vibaya. Lakini kwa watu wa rika la Mama Ilunga, mkwe na mama mkwe hawakutani macho kwa macho. Si chuki, ni heshima. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Na katika nyumba ambayo jikoni ndiyo njia, majani yako wapi? Mama Ilunga alikuwa ameyapata mwenyewe siku ya kwanza alipofika. Mkwe akikohoa, yeye anafungua kabati mpaka mwisho, mlango unaifunga kona yote, mkwe anapita, mlango unarudi. Hakuna aliyekuwa amepanga jambo hilo wala kulizungumza. Hata binti yake, aliyekuwa kitandani tangu atoke hospitali, aliona tu kwamba mlango unapiga kioo.

Kitenge kiliteremka, na macho yakanitafuta.

"Umeona sasa, Papa fundi? Minyi nilikuwa na chumba yangu. Ulikuya na mupira yako, ukaninyanganya chumba."

"Mama, sikujua."

"Asubui ya leo mukwe yangu aliniona kichwa wazi. Kichwa wazi! Na mushwaki mu kinywa!"

Kutoka chumbani Numbi alisema, "Mama, alikuletea kuku ya kuomba musamaa."

"Kuku nimeipokea, ni kuku muzuri," alijibu Mama Ilunga. "Lakini kuku itanificha?"

Nilitaka kucheka, nikaogopa. Maana mfuko ulikuwa bado mlangoni, na kamba yake haikuwa ya mchezo. Niliona vizuri sasa shida ilivyokaa. Nikiuacha mpira, bibi anaondoka, na Kabange anabaki na kijiko bila mtu. Nikiutoa mpira, kioo kinawaangukia watoto. Na gari la kwenda Kaniama halikuwa linaningoja mimi nifikiri.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Niliomba kiti.

"Papa," alisema Numbi aliyekuwa amejikokota mpaka mlangoni, "haiko saa ya kupumzika."

"Mupe kiti," alisema mama yake. Nadhani hapo ndipo aliponisamehe, ingawa hakuniambia.

Nilikaa. Nilimwomba Mama Ilunga akae konani kwake kama siku zote, nikaufungua mpira, nikamwambia aufungue mlango mpaka pale anapojisikia yuko peke yake. Aliufungua taratibu. Ukapita nusu, ukaendelea, ukingo ukakaribia ukuta wa dirisha. "Hapa," alisema kutoka nyuma ya mbao. Nilikwenda kutazama. Kati ya ukingo wa mlango na ukuta palibaki nafasi ya kiganja changu, na kishikio kilikuwa bado hakijagusa kioo. Kidogo tu, lakini hakijagusa. Kumbe mlango haukuhitaji kufika kwenye kioo ili kumficha. Kilichoupeleka kwenye kioo ni haraka ya kikohozi.

Ilibidi nihakikishe. "Mama, sasa minyi niko mukwe. Nitapita."

Nilitoka uani, nikakohoa, nikaingia.

"Hapana," ilisema sauti nyuma ya mlango. "Rudia. Mukwe yangu hakohoake kama mbuzi."

Nilirudi, nikakohoa kwa adabu. Nikapita nikitazama kona kwa wizi. Sikuona kichwa wala bega. Miguu niliiona, chini ya mlango, na ndara zake za bluu. Nilimwambia. Alinijibu kwamba miguu haina macho, niendelee na kazi yangu.

Sasa sikilizeni namna nilivyofanya, maana hii hamtaikuta kwenye simu. Mpira wa juu haukufaa tena, kwa kuwa mlango ulipaswa kwenda mbali na kukoma taratibu kabla ya ukuta. Kwa hiyo kizuizi kilihama kutoka kwenye kabati kikaenda ukutani. Nilikata kipande kinene cha mulombwa, nikakifunga chini ya dirisha kitokeze upana wa kiganja, ili ukingo wa mlango ukikute kabla kishikio hakijafika kwenye kioo. Ukingo ndio mbali kabisa na sharnyere, Mzee Kasongo angefurahi. Kimo chake kilikuwa cha kiunoni, katikati ya mlango. Msikiweke chini kabisa kwa sababu hapo hakionekani: chini ya mlango itakoma, juu itaendelea, na mlango utapinda kama chapati.

Ukuta wa matofali haushiki visi peke yake. Toboeni tofali lenyewe, si udongo ulio kati ya matofali. Pigeni ndani yake kijiti cha mbao kikavu kilichochongwa, kibane mpaka kikatae kuzunguka, halafu visi iingie kwenye kijiti. Nilipomaliza niliona kwamba mbao ikigonga mbao italia, na mapasa wako pale chini wamelala. Nilimuuliza Mama Ilunga kama ana ndara iliyokufa. Alivua mojawapo ya zile za bluu.

"Hii haijakufa," nilisema.

"Kata. Kama minabakia, nitanunua ingine. Kama ninaenda, mu gari sitaitembelea."

Nilikata kisigino cha ndara ile, nikakibandika kwenye uso wa mbao. Kisha tukamwita Banza.

Alikohoa. Mlango ulikuja kwa kasi yote ya bibi, ukakutana na kisigino, ukasema *tup*, sauti ya mtu anayeweka kikapu chini. Kioo kilikaa kimya. Watoto hawakugeuka. Banza alipita ameshika kofia kifuani, na alipofika katikati ya jikoni, sauti ikatoka nyuma ya mbao.

"Pita muzuri, baba. Goti iko namna gani?"

"Imepona, mama."

Nikakusanya vyombo vyangu. Mfuko ulikuwa bado pale mlangoni na kamba yake. Sikuuliza. Nilikuwa nimeeleza vya kutosha siku ile.

Nyumbani niligundua nimesahau futi. Nilingoja siku kadhaa kabla ya kuifuata, si kwa uvivu, bali kwa sababu niliogopa kukuta nani anamlisha Kabange. Nilipofika, Numbi alikuwa uani anaanika nepi, amenyooka, hashiki tumbo. Aliniambia futi iko jikoni, niingie.

Mlango wa kabati ulikuwa umefunguka mpaka kwenye kisigino cha ndara, na nyuma yake kijiko kilikuwa kinagonga kikombe, kidogo kidogo, na sauti inamwambia mtu ameze. Banza alikuwa amesimama hapohapo jikoni anafunga kamba za viatu, anatoka kwenda gare. Kisha kijiko kikanyamaza. Katika ile nafasi ya kiganja, kati ya ukingo wa mlango na ukuta, mkono ulitokea, ukaweka kikombe cha chai juu ya kipande changu cha mulombwa, ukarudi ndani. Banza alinyoosha mkono kutoka upande wake akakichukua.

"Aksanti, mama."

"Eyo, baba. Sukari inatosha?"

"Inatosha."

Alikunywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe juu ya ile mbao. Mkono ukaja ukakichukua. Kwenye mbao palikuwa tayari na alama za mviringo, moja juu ya nyingine. Mimi nilikuwa nimeacha nafasi ile kwa ajili ya kioo.

"Papa fundi," ilisema sauti nyuma ya mlango, "unatafuta futi? Iko huku, nilikutunzia. Kaa kwanza. Kiti unaijua."

Mapasa sasa wanakimbia, na Kabange ndiye anayempiga Kyungu. Mama Ilunga bado anajiandaa kurudi Kaniama. Husema hivyo kila tukikutana kanisani. Juzi aliniambia kisigino kimekwisha, mlango umeanza kusema *ko* badala ya *tup*. Magoti yangu hayafiki tena huko, kwa hiyo mmoja wenu aende. Achukue ndara ya zamani, kisu na gundi, kazi yenyewe haimalizi asubuhi. Akifika aombe kiti kwanza. Na akikuta kikombe cha chai juu ya ile mbao, asikiguse. Si cha fundi.